Mwenye Maji wa Baiyong

Siku ya kwanza ilikuwa ni tofu tu.

Xiuhe alikuwa akitengeneza tofu tangu alipoolewa Baiyong, na mikono yake iliijua kazi hiyo hata alipokuwa anawaza mengine: kusaga soya, kuchuja, kuchemsha, kisha kumimina maji machachu ya jana kidogo kidogo mpaka maziwa yakatike na kuanza kushikana. Asubuhi ile yalikataa. Alimimina, akakoroga, akangoja. Maziwa yalibaki mepesi sufuriani, na yalikuwa na harufu ya jiwe lililotoka kupasuliwa.

Mama mkwe wake, Qiaodi, kikongwe mfupi asiyejua kunyamaza, alikuja kuchungulia.

"Umegombana na mume wako," alisema. "Tofu inajua."

"Sijagombana na mtu, Mama."

"Basi kagombane naye, labda itashika."

Walicheka, wakayamimina yale maziwa kwenye hori la nguruwe. Nguruwe walinusa, wakarudi nyuma mpaka wakagusa ukuta. Hapo Qiaodi aliacha kucheka. Alichukua fimbo yake akapanda mlimani peke yake kwenda kuitazama chemchemi, na aliporudi alisema kwamba maji yamebadilika rangi.

Chemchemi yenyewe ilikuwa juu ya kijiji, chini ya jabali lililoinama. Hakuna aliyeichimba. Iliyajaza majaruba yote ya mpunga yaliyoshuka ngazi kwa ngazi mpaka mtoni, na ilikuwa na mwenyewe. Watu wa Baiyong hawakumwita jini wala pepo. Walimwita Mwenye Maji, na asubuhi ya mwaka mpya wanawake walipanda na ubani, wakamsalimu kabla ya kuteka. Qiaodi ndiye aliyekuwa akitangulia. Alizungumza naye kama mwanamke anavyozungumza na baba mkwe wake, kwa adabu na bila kumtazama usoni.

Upande wa pili wa mlima huohuo, kampuni ya barabara ilikuwa ikitoboa handaki. Barabara ya mwendokasi ilikuwa inakuja kutoka makao makuu ya jimbo, na nguzo zake zilikwisha kusimama bondeni, ndefu kiasi kwamba ukungu wa asubuhi ulizikata katikati. Kila mchana baruti ilinguruma tumboni mwa mlima, bakuli zikagongana kabatini, na kuku wakatoka mbio viotani. Nusu ya wanaume wa Baiyong walikuwa wameajiriwa huko. Mume wa Xiuhe, Wu Decheng, alikuwa mmoja wao. Yeye alishika mashine ya kutoboa mwamba. Hakuna aliyemlaumu. Binti yao wa pekee alikuwa kiwandani Guangdong, akiwaona wazazi mara moja kwa mwaka, kwa sababu kabla ya barabara kazi ya karibu na nyumbani haikuwapo.

Jioni ya siku ile ya tofu Decheng alirudi mapema. Alikuwa amelowa chapachapa na midomo imegeuka rangi. Xiuhe alimvua koti, akamkalisha karibu na moto, akampa supu ya samaki yenye uchachu aliyokuwa akiipenda, lakini hakuigusa. Alianza kusimulia kwa sauti ndogo. Walikuwa wanatoboa kama siku zote, keekee ikaingia mwambani, kisha ghafla ikateleza mbele kama imefika mahali patupu. Mashine ikazimika. Pakawa kimya. Kisha mwamba ukapasuka na maji yakatoka.

"Yalinipiga kifuani nikaanguka, nikayameza," alisema. "Lakini sio hayo yanayonitisha."

"Ni nini basi?"

"Kabla ya maji ilitoka pumzi. Kama ya mtu aliyekuwa amelala, Xiuhe, akaamshwa. Ilikuwa ya moto. Ilinipita hapa, shavuni."

Qiaodi alikuwa kwenye kona akimenya vitunguu saumu. Aliinuka akaenda kuufunga mlango, ingawa nje bado kulikuwa na mwanga.

Kule handakini walipambana na yale maji kwa siku kadhaa. Walisukuma saruji kwenye kila ufa, malori kwa malori, mpaka mlima ukafunga. Na mlima ulipofunga upande ule, upande wa Baiyong chemchemi ilitoa tope, kisha ikatoa uzi mwembamba wa maji, kisha haikutoa kitu. Ulikuwa wakati wa kupandikiza mpunga. Majaruba yalipasuka, samaki waliofugwa ndani yake wakalala ubavu kwenye matope, bata wakawa wanazunguka juani kama watu waliopoteza mlango wa kwao. Xiuhe alikwenda ofisi ya kampuni pamoja na wanawake wengine. Injinia kijana aliwapokea vizuri, akawapa chai, akawaeleza kwamba maji ya chini ya ardhi yamehama, na kwamba hakuna mtu anayeweza kusema yamehamia wapi. Aliahidi lori la maji. Lori lilikuja, likakosa kuja, likaja tena. Maji yake yalinuka bomba, na tofu yake ilikuwa chungu hata nguruwe waliilalamikia.

Ndipo Xiuhe aliposikia matone.

Ilikuwa mchana, ukungu umeshuka mpaka kwenye mapaa, nyumba ya mbao ikiwa na kiza cha kawaida cha miezi ile. Sauti ilitoka jikoni, kwenye mtungi mkubwa uliofika kifuani mwa mtu, ambao ulikuwa mkavu tangu chemchemi ikauke. Alifunua kifuniko. Mtungi ulikuwa umejaa mpaka ukingoni. Maji yalikuwa safi, yametulia, yana baridi iliyompanda usoni kabla hajayagusa.

Alidhani ni Tangjin, binamu ya Decheng aliyeishi nyumba ya chini yao, mtu wa kusaidia watu bila kusema. Alimwita dirishani akamshukuru.

"Shemeji, ningekuwa na maji ningejiogesha kwanza," Tangjin alijibu. "Mke wangu analala na nguruwe, anasema wananuka afadhali."

Xiuhe alirudi jikoni akachota kwa kata, akaonja. Yalikuwa maji ya chemchemi. Hakuna maji mengine duniani yenye ladha ile. Alisaga soya mchana uleule, na tofu ilishika vizuri, laini, inatetemeka ukigusa sahani. Akaketi mbele yake akalia kwa furaha. Decheng alikula bakuli mbili. Qiaodi alisukuma bakuli lake pembeni, akamkataza mwanawe asile zaidi, akamkataza Xiuhe asichote tena. Mtungi haujajazwa na mtu, alisema, basi ujueni umejazwa na nani. Wao wawili walimheshimu, lakini walikuwa na kiu, na lori halikuja kwa siku nyingi. Waliendelea kunywa akiwa hayupo jikoni.

Mtungi haukupungua. Ukichota asubuhi, mchana umejaa. Siku moja Xiuhe alitumbukiza kata akahisi kitu kinaigonga kata hiyo ya shaba kwa ndani, na alipoitoa aliona samaki mdogo, mweupe kama nyama ya jipu, asiye na macho wala mahali pa macho, anafungua na kufunga mdomo kwenye kata kana kwamba anataka kusema jambo lakini amesahau maneno. Aliitupa kata. Yeye na Qiaodi waliuburuta mtungi mpaka uani, wakaupindua, wakauacha kifudifudi juani.

Wakati wa chakula cha jioni walisikia matone ukutani. Kesho yake yalikuwa chini ya sakafu, yanakwenda polepole kutoka chumba hadi chumba kama kipofu anayepapasa nyumba ya watu, yakifika kwenye kila chombo kitupu, sufuria, ndoo, kibuyu cha pombe, yakisimama hapo kidogo, yakiendelea. Harufu ya jiwe bichi ilijaa kwenye matandiko, kwenye wali, kwenye nywele zao. Kisha sauti ikakoma, na Xiuhe akashusha pumzi, akafikiri kile kitu kimeondoka. Akaingia kumpelekea Decheng chai, kwa kuwa siku hiyo hakwenda kazini, kifua kilimbana, akamkuta amelala chali mchana kweupe na shati limemganda mwilini kwa maji ingawa blanketi la chini yake lilikuwa kavu, na alipomgeuza ili ambadilishe alisikia ndani ya mwili wa mumewe, wazi kabisa, maji yakihama kutoka upande mmoja kwenda upande wa pili, kama kibuyu kilichojaa nusu kinapogeuzwa.

Kisha Decheng, macho yamefumbwa, akasema kwa sauti ambayo haikuwa yake, nzee, ya taratibu, kwa Kikam cha zamani, lugha ya wazee wa kijiji, ambayo Xiuhe aliielewa kwa shida:

"Pananibana."

Qiaodi alikuwa amesimama mlangoni. Alipiga magoti palepale, akainamisha kichwa, akajibu kwa lugha ileile, akitumia maneno aliyoyatumia kila mwaka mpya kwenye chemchemi. Kile kilichokuwa ndani ya mwanawe kilisikiliza. Halafu kikasema tena kwamba panakibana.

Walimwita mganga, Bi Yinmei wa ng'ambo ya mto, mwanamke mnene mwenye meno ya dhahabu ambaye alifika juu ya pikipiki ya mpwa wake akilalamikia mgongo. Aliomba mchele, yai, ubani na kitambaa cheusi. Alijifunika uso kwa kitambaa, akaketi kwenye benchi, na miguu yake ikaanza kupiga sakafu kama anayepanda farasi, kwanza mwendo wa kutembea, kisha mbio, kisha mbio za mtu anayefukuzwa, jasho likichuruzika chini ya kitambaa, akinong'ona majina ya njia anazopita: korongo hili, mlango ule wa pango, ngazi za jiwe. Ghafla miguu ilisimama. Alipojifunua, uso wake ulikuwa wa kijivu, na hakuwaangalia.

"Nilikwenda mpaka kwake," alisema. "Hakuna kwake."

Alieleza polepole. Mzimu mgeni hurudishwa alikotoka. Hiyo ndiyo kazi yake kama mganga, ameifanya mara nyingi. Huyu hakuja kwa hasira wala kwa kutumwa na mtu. Nyumba yake ilitobolewa, ikamwagika, na pale ilipomwagika pakazibwa. Sasa anatafuta pango la kulala, naye hana kipimo cha mapango ya watu. Mtungi ulikuwa mdogo. Kifua cha Decheng kilikwisha kulika kwa vumbi la mwamba, kina nafasi, lakini hata hiyo haimtoshi, na atakapojinyoosha, mwenye kifua atakufa.

"Hakuna hata ufa mmoja mlimani tumrudishe?" Xiuhe aliuliza.

Decheng ndiye aliyejibu kutoka kitandani, kwa sauti yake mwenyewe, dhaifu. "Hakuna. Tulisukuma saruji mpaka mlima ukaanza kuitema. Juu yake tukaweka plastiki, juu ya plastiki zege. Nilikuwepo."

Bi Yinmei alifunga kitambaa chake. Jambo moja aliloweza kuwaambia ni kwamba Mwenye Maji anaweza kuhama akikaribishwa na mtu anayemjua. Na akawaonya: maji yake wasiyanywe tena, wala wasimpe mtu. Kila anayekunywa anamfungulia chumba. Akizoea kukaa ndani ya watu, hatakumbuka tena kwamba aliwahi kukaa ndani ya jiwe. Alikataa malipo, akaomba apelekwe nyumbani kabla giza halijaingia.

Asubuhi Qiaodi alioga kwa maji kidogo ya lori, akavaa koti lake la sherehe lililotiwa nili mpaka likang'aa, akamwambia Xiuhe alete beseni la tofu na kata.

"Mama, usifanye hivi," Xiuhe alisema, kwa maana alikwisha kuelewa.

"Nimekunywa maji yake tangu nilipokuwa bibi harusi. Ananijua kuliko alivyonijua marehemu mume wangu."

"Tutampeleka Decheng hospitali ya wilaya."

"Mpeleke, baadaye. Wakampime kifua." Kikongwe alitabasamu kidogo. "Mimi ni gofu, mwanangu. Ndani yangu kuna nafasi tele. Mshike mume wako aketi."

Walimwinua Decheng. Qiaodi alipiga magoti mbele yake, akamkaribisha mgeni kwa jina lake na kwa maneno yote ya heshima, akamwambia kwamba nyumba yake ni kuukuu lakini ipo wazi. Decheng alikohoa mara moja, kisha mdomo wake ukafunguka na maji yakaanza kutoka, bila kutapika, bila nguvu, maji safi ya baridi yanayotiririka kutoka kwa mtu kama yanavyotiririka kutoka kwenye jabali, yakajaza beseni, na beseni lilipojaa yakasimama pale ukingoni yakitetemeka. Qiaodi alichukua kata. Kata iliyojaa ilimlemea, maji yakamwagika kwenye koti. Alijaribu tena, akashindwa.

"Nitekee," alisema.

Xiuhe alimtazama mumewe, aliyekuwa ameegemea ukuta akivuta hewa kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, rangi ikimrudia mashavuni. Alichukua kata. Alimnywesha mama mkwe wake beseni lote, kata baada ya kata, akimfuta kidevu kila mara, na kikongwe alimeza bila kupumzika, akimtazama machoni muda wote. Sakafuni halikubaki hata tone.

Qiaodi aliishi mpaka maua ya soya yalipotoka. Alikaa kando ya moto akiwa na tumbo kubwa na shingo iliyolowa, akatania kwamba majirani wataanza kuuliza baba wa mtoto ni nani. Baadaye hakutania tena. Aliacha kula, aliacha kulala, na mwishoni alipofungua mdomo alizungumza yule mwingine tu. Siku moja alfajiri Xiuhe alimkuta ameketi vilevile, ametulia, ngozi imevutika na kung'aa kama ya tunda.

Walimzika mlimani, juu ya chemchemi iliyokauka, mahali alipopachagua mwenyewe. Jeneza lilikuwa zito kiasi kwamba wanaume walipokezana njia nzima, na waliotembea nyuma walikanyaga matope, ingawa mvua haikuwa imenyesha.

Baada ya maziko Xiuhe alimpeleka Decheng mjini kwa kaka yake, karibu na hospitali. Daktari alisema mapafu yameharibiwa na vumbi na hayatapona, lakini ataishi akiacha kazi. Aliacha. Walipanga chumba. Xiuhe alitengeneza tofu kwa maji ya bomba, akaiuza sokoni. Haikuwa nzuri, lakini watu wa mjini hawakujua tofauti. Handaki lilikamilika, barabara ikafunguliwa kwa ngoma na bendera nyekundu, kampuni ikahamisha mashine zake kwenda kwenye mlima mwingine. Lori la maji lilikuwa la kampuni, likaenda nayo. Waliopiga simu kutoka Baiyong walisema majaruba yameota magugu, na kwamba fulani ameondoka, na fulani, na fulani. Kisha wakaacha kulalamikia maji. Xiuhe aligundua hilo baadaye sana.

Majira ya kufagia makaburi yalipofika, walirudi. Barabara mpya iliwafikisha karibu na kijiji kwa muda mfupi wa kushangaza. Walipanda mlima wakiwa na ubani, wali wa kunata na karatasi za kumchomea marehemu, Decheng akisimama kila baada ya hatua chache kuvuta pumzi. Mlima wote ulikuwa wa rangi ya kahawia. Kaburi la Qiaodi peke yake lilikuwa la kijani, majani yamefika magotini, yamenenepa, yanameta. Kutoka chini ya jiwe la kaburi, upande wa miguu, maji safi yalikuwa yakitoka. Mtu alikuwa amechomeka bomba la mwanzi. Chini ya mwanzi palikuwa na ndoo, na nyuma ya ndoo hiyo ndoo nyingine, na nyingine, foleni iliyoshuka njia nzima hadi kwenye kona, na kando ya kila ndoo alisimama mtu wa Baiyong akingoja zamu yake kwa utulivu. Tangjin alikuwa wa mbele. Aliwasalimu kwa aibu. Kola ya shati lake ilikuwa imelowa, na jua lilikuwa kali.

Decheng alikaa chini palepale njiani, hakuweza kwenda mbele. Xiuhe aliweka kapu lake, akasimama mbele ya bomba la mwanzi, akawaambia. Hakuficha kitu. Aliwaambia juu ya mtungi na samaki, juu ya sauti iliyomtoka mumewe, juu ya maneno ya Bi Yinmei, juu ya beseni na kata, na kwamba yeye kwa mikono yake alimnywesha mama mkwe wake mpaka akajaa. Aliwaambia maji haya ni ya nani na yanataka nini kwao. Walimsikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi, kama watu wanavyosikiliza makaburini. Mke wa Tangjin alikuwa akilia. Chini bondeni magari yalipita kwa kasi yakiingia mlimani, mfululizo, bila kusimama.

Alipomaliza, hakuna aliyeondoka kwenye foleni. Tangjin alitazama ndoo yake, kisha akamtazama yeye, na alipozungumza alizungumza kwa upole kabisa.

"Tumekusikia, shemeji," alisema. "Sogea kidogo, tuteke."